Bustani ya mboga kwenye pwani ya baridi: mwongozo kamili wa hatua kwa hatua

Malalamiko ni yale yale kila msimu. Maharage yameozea ardhini bila kuchomoza. Mnyanya umebeba kweli, lakini mvua za mapukutiko zinayakuta matunda yakiwa bado ya kijani. Vitunguu vimerusha mashina ya maua badala ya kutunga vichwa. Na ukimuuliza mwenye bustani, amefuata pakiti ya mbegu neno kwa neno.

Hapo ndipo penye kosa. Pakiti nyingi zimeandikiwa mahali ambapo majira ya joto yana joto kweli. Neno "pwani" kwenye sikio la Kiswahili huleta jasho na minazi, lakini hapa tunaongelea pwani ya aina nyingine: San Francisco, Cornwall, Brittany, magharibi mwa Ireland, Vancouver, Tasmania, kusini mwa Chile. Huko bahari huzuia baridi kali isije na huzuia joto lisije. Mwaka mzima uko katikati.

Kwa hiyo adui yako si baridi inayoua mimea. Adui ni joto kutotosha, akisaidiwa na upepo na unyevu. Ukilishika hilo, hatua zote zilizo hapa chini zitakuingia akilini.

## Hesabu moja ya kufanya kabla ya yote

Chukua joto la juu la siku, jumlisha na la chini la usiku, gawa kwa 2, kisha toa 10. Kinachobaki ndicho joto ambalo mmea kama nyanya unaweza kulitumia siku hiyo, kwa sababu chini ya nyuzi 10 za Selsiasi haukui kwa kiwango cha maana.

Pwani yenye mchana wa nyuzi 18 na usiku wa nyuzi 11 hupata 4.5. Bara, mchana wa 29 na usiku wa 17, wanapata 13. Yaani siku moja ya bara ni karibu siku tatu zako. Pakiti ikikuambia "siku 75", inaongelea siku za watu wengine.

Na ramani ya kanda za upandaji ya Marekani isikudanganye. Inapima kitu kimoja tu, wastani wa baridi kali kabisa ya mwaka. Kwa kipimo hicho San Francisco iko kanda ya 10 pamoja na sehemu za kusini mwa Florida. Florida wanavuna maembe. San Francisco hata nyanya ni ya kubembeleza.

## Vifaa

- Kipimajoto cha udongo chenye sindano ya kufika sentimita 10. Hiki usikiruke.
- Kipimajoto cha hewa kinachohifadhi kiwango cha juu na cha chini. Viwili ni bora kuliko kimoja.
- Neti ya kukinga upepo yenye matundu, pamoja na nguzo imara.
- Nailoni nyeusi ya kufunika udongo, na kitambaa chepesi cheupe cha kufunika mimea.
- Mboji ya kutosha kutandaza unene wa sentimita 5.
- Kipimo cha pH, yaani kiwango cha tindikali ya udongo, na chokaa ya kilimo.
- Trei za miche, tochi, ndoo, daftari.

Usichohitaji ni tepu ya shaba ya kuzuia koa na konokono. Mwaka 2018 Royal Horticultural Society, chama cha kilimo cha bustani cha Uingereza, kilitangaza matokeo ya jaribio la tepu hiyo pamoja na changarawe, maganda ya mayai, magome ya msonobari na vidonge vya sufu: koa walikula kama kawaida. Pesa hiyo iongeze kwenye neti ya upepo.

## Hatua ya 1: Itafute kona ya joto

Kila kiwanja kina sehemu iliyozidi nyingine kwa nyuzi mbili tatu. Mara nyingi iko mbele ya ukuta unaotazama upande wa jua la mchana: kusini kama uko nusu ya kaskazini ya dunia, kaskazini kama uko nusu ya kusini. Ukuta wa mawe au matofali hunywa joto mchana na kulitoa polepole usiku, na usiku ndio unaotuumiza.

Tundika kipimajoto kimoja hapo, kwenye kivuli kidogo kisipigwe jua moja kwa moja, na kingine katikati ya bustani. Andika namba za asubuhi kwa wiki moja. Kisha tembea saa 3 asubuhi, saa 6 mchana na saa 9 alasiri, uchore vivuli vinapoangukia.

Ukimaliza utakuwa na mchoro wenye sehemu tatu: kona ya joto, eneo la kawaida, na eneo la kivuli au upepo. Kona ya joto ni mali adimu. Watu wengi huiwekea maua au viti vya kupumzikia, halafu nyanya wanazipeleka uwanjani kwenye upepo. Hamisha viti.

## Hatua ya 2: Punguza upepo, usiuzuie kabisa

Ningeambiwa nichague hatua moja tu katika mwongozo huu, ningechagua hii. Upepo wa baharini hupoza jani, hukausha udongo hata siku ya ukungu, hutikisa mizizi michanga na huleta chumvi. Mmea unaopigwa na upepo kutwa nzima hufunga vinyweleo vyake, na ukivifunga haukui.

Mwaka wangu wa kwanza nilijenga uzio wa mbao zilizobanana, mita mbili kwenda juu, nikajiona fundi. Nyuma yake kabichi zililala chini kana kwamba zimekaliwa. Ukuta usiopitisha kitu hauuondoi upepo. Unaurusha juu, nao unashuka upande wa pili ukizunguka kwa fujo. Niling'oa ubao mmoja na kuacha mmoja, kabichi zikasimama.

Kizuizi kizuri hupitisha karibu nusu ya upepo. Neti yenye matundu ya kiasi hicho, uzio wa fito au ua wa miti, vyote vinafaa. Kinga yake inafika umbali wa takriban mara kumi ya urefu wake, hivyo neti ya mita 1.5 inatuliza kama mita 15, ingawa sehemu yenye utulivu mzuri ni ile ya karibu zaidi.

Simika nguzo upande unakotoka upepo mkuu, zisimame kila baada ya mita 2, na theluthi ya urefu wake iwe ardhini. Neti ikikamata dhoruba ni tanga la jahazi. Nguzo legevu itang'oka nayo.

Kwa kinga ya kudumu panda ua wa mimea inayovumilia chumvi: Griselinia, Escallonia, Elaeagnus au Tamarix. Uliza kwanza kama mmea husika hauhesabiwi kuwa mvamizi unapoishi. Miaka mitatu ya mwanzo ua huo wenyewe utahitaji neti.

Sasa pima kazi yako. Funga nyuzi za sufu kwenye vijiti vya urefu wa goti, viwili mbele ya neti na vitano nyuma yake, usubiri siku ya upepo. Mbele nyuzi zitanyooka kama bendera. Nyuma zinatakiwa zining'inie na kuyumba. Zikizunguka ovyo, neti imebana mno.

Chumvi ina alama yake: kingo za majani hukauka na kuwa kahawia upande unaotazama bahari tu. Dhoruba ikipita bila mvua, osha majani kwa maji baridi yasiyo na chumvi mapema kadiri uwezavyo, kabla jua halijayakausha.

## Hatua ya 3: Andaa udongo unaochuja maji na kushika joto

Mvua za majira ya baridi hushusha virutubisho chini na kuufanya udongo uwe na tindikali. Pima pH. Mboga nyingi zinapenda kati ya 6.0 na 7.0, jamii ya kabichi hufurahi kwenye 7 na kidogo zaidi, kwa sababu ugonjwa wa kuvimba mizizi hupungua nguvu hapo. Chokaa itiwe wakati wa mapukutiko, maana inachukua miezi kufanya kazi. Usiichanganye na samadi mbichi siku moja, utapoteza nitrojeni hewani.

Inua matuta sentimita 20 hadi 25, upana usizidi mita 1.2 ili mkono ufike katikati bila mguu kukanyaga. Tuta lililoinuka huchuja maji, na udongo usiojaa maji hupata joto mapema. Maji ni mazito kuyapasha.

Kabla ya kuchimba finyanga bonge la udongo kiganjani na ulibonyeze kwa kidole gumba. Likipasuka vipande, chimba. Likibonyea kama unga wa chapati, weka jembe chini urudi siku nyingine. Kuchimba udongo wenye maji huugandamiza, na kuurekebisha kunachukua msimu mzima.

Tandaza mboji sentimita 5 juu ya tuta. Mwani uliotupwa ufukweni nao ni mbolea nzuri, lakini chukua ule uliokatika tu, usiubandue kwenye miamba, na angalia sheria za eneo, kwani baadhi ya fukwe zimelindwa.

Mwisho funika matuta ya mimea ya joto kwa nailoni nyeusi, ikigusa udongo kabisa, wiki mbili hadi tatu kabla ya kupanda. Ikiachia nafasi ya hewa katikati, nailoni ndiyo itakayopata moto na udongo ubaki vile vile.

Tahadhari moja kwa waliojifunza kilimo nchi za joto: matandazo ya nyasi au majani yasubiri. Ukiyaweka mapema yanafungia baridi ardhini na kuwajengea koa nyumba. Ngoja udongo ufike nyuzi 15.

## Hatua ya 4: Panda kwa kipimajoto, si kwa kalenda

Ingiza sindano sentimita 10 ardhini saa 3 asubuhi. Subiri dakika mbili. Soma, andika. Rudia siku tatu mfululizo, kwa sababu mchana mmoja wa jua unaweza kukutia tamaa ya bure. Ukitumia namba ya alasiri utakuwa unasoma joto la ngozi ya udongo, si la tumbo lake.

Kwa nini nasisitiza? Tazama karoti. Kwenye udongo wa nyuzi 5 huchukua siku 50 kuchomoza. Nyuzi 10, siku 17. Nyuzi 15, siku 10. Nyuzi 20, siku 7. Mbegu iliyokaa ardhini siku 50 huwa imeshaliwa au kuoza, au wewe mwenyewe umesahau mstari ulikuwa wapi ukaupalilia.

Maharage ya kawaida ni makali zaidi. Kwenye nyuzi 10 hayaoti kabisa, yanaoza. Kwenye 15 huchukua siku 16, kwenye 20 siku 11.

Vipimo vya kuanzia ni hivi:

- Nyuzi 5 hadi 7: maharage ya fava, njegere, spinachi, saladi, figili. Njegere zitachelewa sana kwenye 5. Ukingoja 10 zinachomoza ndani ya wiki mbili.
- Nyuzi 8 hadi 10: karoti, bitiruti, liki, jamii yote ya kabichi, vitunguu, viazi.
- Nyuzi 13 hadi 15: maharage ya kawaida na mahindi, na hata hapo ukiwa na kitambaa cheupe juu.
- Nyuzi 15 na zaidi: miche ya nyanya, matango, maboga.

Aliyepanda njegere wiki mbili baada ya jirani yake mara nyingi huvuna siku ile ile naye. Udongo ukishapata joto, mche wa mwisho hukimbia.

## Hatua ya 5: Gawa mboga kulingana na kona zako

Rudi kwenye mchoro wa hatua ya 1.

Eneo la kawaida lipe mimea ambayo hapa ni kwao. Kabichi, brokoli, koliflawa na kale zote ni wajukuu wa kabichi mwitu inayoota kwenye majabali ya bahari, na bitiruti na spinachi za jamii yake zinatokana na mmea wa fukweni. Ukungu ni maziwa ya mama kwao. Ongeza njegere, fava, liki, vitunguu, viazi, karoti na atichoki. Saladi, ambayo bara huwa chungu na kutoa maua ikifika katikati ya majira ya joto, hapa unaivuna tu.

Sehemu yenye kivuli cha nusu siku inatosha kwa mboga za majani.

Kona ya joto ni ya nyanya, maharage, matango na aina ndogo za maboga. Bilinganya, tikiti maji na pilipili hoho bila kitalu nyumba ni kujitesa, na sisemi hivyo ili kukukatisha tamaa. Ukitaka kujaribu, weka mche mmoja, si kumi na mbili.

## Hatua ya 6: Otesha miche ndani, lakini usiifanye ya kudekezwa

Mbegu za nyanya zinataka nyuzi 20 au zaidi. Kwenye nyuzi 10 zinachukua siku 43, kwenye 20 ni siku 8. Otesha ndani wiki sita hadi nane kabla ya tarehe unayotarajia udongo kufika 15. Zikishachomoza, mwanga ni muhimu kuliko joto. Mche mrefu, mwembamba na uliopauka umekosa mwanga, na upepo wa kwanza utauvunja.

Zoesha miche kwa siku 10: siku za kwanza saa mbili nje mahali palipotulia, kisha ongeza muda, mwisho ilale nje. Kwenye pwani hii kinachozoeshwa hasa ni upepo. Mche wa nyanya uko tayari ukiwa na shina nene kama penseli na majani ya kijani iliyokolea.

Sasa lile suala la vitunguu na maua. Kitunguu, bitiruti, koliflawa na karoti zikishakuwa na mwili kidogo, kisha zikapigwa wiki kadhaa za chini ya nyuzi 10, hudhani majira ya baridi yamepita na kwamba ni wakati wa kuzaa. Hazikosei, ndivyo zilivyoumbwa. Kwa hiyo usiwahishe kupandikiza mche mkubwa. Mche mdogo hauisikii ile baridi kwa namna hiyo. Ukinunua vitunguu vidogo vya kupandikiza, chagua vyenye ukubwa wa kidole kidogo. Vikubwa ndivyo vinavyorusha maua.

## Hatua ya 7: Nyanya, maana najua ndizo zilizokuleta

Chagua aina kwanza. Tafuta zilizoandikwa siku 50 hadi 65 na zenye matunda madogo au ya kati: Stupice, Glacier, Sungold, Early Girl. Nyanya kubwa za nyama nyingi kama Brandywine zinahitaji joto ambalo huna. Kila tunda dogo ni mzigo mdogo wa kuivisha.

Panda kwenye kona ya joto, kupitia tundu kwenye ile nailoni nyeusi. Fukia shina mpaka chini ya majani ya kwanza, litatoa mizizi. Acha sentimita 60 kati ya mche na mche, hata kama nafasi inaonekana kubwa. Utajua sababu kwenye hatua ya 9.

Usiku ukishuka chini ya nyuzi 13, chavua ya nyanya haifanyi kazi vizuri na maua hudondoka. Hapa kitambaa cheupe kinalipa gharama yake: kitandaze jioni, kifunue asubuhi. Karibu na saa 6 mchana, siku kavu, gonga kwa kidole kikonyo cha kila kishada kilichofunguka. Ukitazama dhidi ya jua utaona vumbi la manjano likidondoka. Ua lililoshika hukunja petali zake nyuma, na baada ya siku chache utaona kijani cha ukubwa wa kichwa cha kiberiti. Kama vumbi halionekani, ua bado lina unyevu, rudi baada ya saa moja.

Ng'oa machipukizi ya kwapani kila wiki kwenye aina zinazorefuka. Vishada vinne vikishashika, kata ncha ya mmea. Inauma, najua, mmea unaonekana una nguvu. Lakini kishada cha saba hakitaiva, kitanyonya tu chakula cha kile cha pili.

Maji kidogo kuliko unavyodhani, ila yafike chini. Ukungu unalowesha majani, si mizizi, kwa hiyo usiamini macho. Chomeka kidole mpaka fundo la pili. Pakiwa pakavu, mwagilia, asubuhi, kwenye shina. Mbolea ya nitrojeni iache. Itakupa msitu wa majani mazuri yasiyo na nyanya.

Rangi nyekundu hutengenezwa vizuri kati ya nyuzi 20 na 24, na karibu na 10 kazi hiyo husimama. Kwa hiyo usingoje nyanya iwe nyekundu mtini msimu ukiisha. Tunda likianza tu kubadilika kitakoni, kivuli cha waridi au manjano, limeshajitosheleza. Lichume, liweke ndani kwenye chumba cha joto, ndani ya boksi pamoja na ndizi au tofaa bivu ambalo hewa yake huharakisha kuiva. Jua la dirishani halihitajiki. Jokofu ni marufuku, huua ladha.

## Hatua ya 8: Koa na konokono

Hapa hawalali mwaka mzima. Kinga kubwa ni muda: mwagilia asubuhi ili usiku udongo wa juu uwe mkavu, na usipandikize mche ambao bado ni mwororo.

Kisha windo. Saa mbili baada ya giza kuingia, tochi mkononi, ndoo ya maji yenye chumvi. Laza ubao mmoja kati ya matuta, na asubuhi uupindue, utawakuta wamejipanga chini yake. Usiku tatu mfululizo kabla ya kupandikiza, halafu mara moja kwa wiki, na utaona majani mapya yakikaa bila matundu. Nje ya kitanda cha saladi sijisumbui nao.

Ukihitaji dawa, tumia chembechembe za fosfeti ya chuma, chache chache. Zile za metaldehidi ziepuke. Ni sumu kwa mbwa na kalunguyeye, na Uingereza imepiga marufuku matumizi yake ya nje tangu mwaka 2022. Kuna pia minyoo midogo isiyoonekana kwa macho inayochanganywa na maji na kumwagwa ardhini, nayo hufanya kazi udongo ukizidi nyuzi 5.

## Hatua ya 9: Bakajani chelewa

Huu ndio ugonjwa uliosababisha njaa kuu ya Ireland kuanzia mwaka 1845, na hali ya hewa ya pwani ya baridi ni kitanda chake. Unashambulia viazi na nyanya.

Waingereza hutumia kanuni rahisi ya tahadhari: siku mbili mfululizo joto lisishuke chini ya nyuzi 10, na kila siku unyevu wa hewa ufike asilimia 90 au zaidi kwa saa 6 au zaidi. Hali hiyo ikitokea, kagua kila siku. Ukisoma kanuni hiyo vizuri utaona kwamba kwenye ukungu wetu inaweza kutimia wiki nzima bila tone la mvua.

Unachotafuta ni doa la kahawia lenye ukingo wa kijani kilichopauka, kama limelowa. Geuza jani asubuhi na mapema: pembeni mwa doa kuna utando mweupe mwembamba wa kuvu. Kwenye shina ni baka jeusi. Kwenye tunda la kijani ni doa la kahawia gumu, linaloteleza kama ngozi ya kiatu.

Ukikuta jani moja, kata, weka kwenye mfuko, toa nje ya bustani, nawa mikono. Ukikuta shina, ng'oa mmea mzima leo. Kesho ni nyingi mno. Kwa viazi, kata mashina yote usawa wa ardhi, usichimbe mpaka zipite wiki mbili, ili ngozi ya viazi ikomae na vijidudu vilivyo juu ya udongo vife. Kiazi kilichooza kisirudi kwenye mboji, kitaamsha ugonjwa mwakani.

Kinga ni jani kavu. Ndiyo maana ya zile sentimita 60, na ya kukata majani yote ya nyanya yanayogusa ardhi. Kipande cha nailoni angavu kilichowekwa juu ya nyanya kama paa, pande zikiwa wazi, kimenisaidia kuliko dawa yoyote. Aina zenye ukinzani zipo: Sarpo Mira kwa viazi, Crimson Crush, Mountain Magic na Defiant kwa nyanya.

## Hatua ya 10: Chukua msimu wako wa pili

Wa bara wanapofunga bustani, wewe ndio kwanza umefika nusu. Baridi haikuzuii. Kinachokuzuia ni mwanga. Mchana ukipungua chini ya saa 10 za mwanga, mimea karibu yote husimama, hata kama hewa ni ya nyuzi 12. Haifi, inakaa tu kama iko ghalani.

Kwenye latitudo ya 50 kaskazini, kama Cornwall, kipindi hicho huanza mwisho wa Oktoba hadi kati ya Februari. Kwenye 38, kama San Francisco, ni karibu tarehe 20 Novemba hadi 20 Januari. Ukiwa nusu ya kusini sogeza miezi sita.

Hesabu kurudi nyuma. Mboga iwe imeshafikia robo tatu ya ukubwa wake siku mwanga unapokatika. Kale, liki na brokoli ya zambarau zioteshwe mapema katika majira ya joto. Spinachi na saladi za baridi mwishoni mwake. Saumu na fava zitiwe ardhini wakati wa mapukutiko, saumu hasa, maana bila wiki kadhaa za baridi haigawanyiki kuwa punje. Nafasi ya kuzipanda ni pale mlipong'olewa viazi.

Vuna kwa kukata majani ya nje, moyo uuache. Mwanga ukirudi juu ya saa 10, kale ile ile uliyodhani imechoka itatoa vichipukizi laini kila kwapa. Vichume kabla maua hayajafunguka, vikiwa na urefu wa kidole.